Mchujo wa Mwezi wa Ramadhani

Jirani alinipa maji ya mtungi uliofukizwa ubani. Nilipokisogeza kikombe mdomoni, harufu ile ilinirudisha Kigombe, nyumbani kwa bibi, mwezi wa Ramadhani.

Siku moja ya mwezi huo mwalimu wa mpira alikuja kutoka Dar kuchagua watoto wa timu ya taifa ya kwenda kwenye mashindano ya Afrika. Kijijini kwetu alitaka mmoja tu. Wote tulijua ni nani: binamu yangu, niliyelala naye kitanda kimoja. Tulikuwa tumeahidiana kucheza na swaumu zetu.

Kabla ya kwenda uwanjani niliingia nyuma ya mlango wa bibi, nikachota maji ya mtungi wake kwa kata, nikanywa yote. Yalikuwa baridi, yana ladha ya moshi.

Kipindi cha kwanza binamu alitupita sote. Cha pili midomo yake ilikauka ikawa myeupe, akawa anasimama na kushika magoti. Mimi nilikuwa bado nakimbia.

“Huyu ana pumzi,” mwalimu akasema, akanishika bega. “Umefunga?”

Binamu akanijibia. “Amefunga, mwalimu. Ila huyu daku anakula la watu wawili.”

Watu wakacheka. Niliinamisha kichwa, wakadhani naona haya kwa kuchaguliwa.

Magharibi bibi alitugawia tende. Binamu alichukua moja katika zake, akaniwekea kiganjani.

“Kula,” alisema. “Wewe umekimbia zaidi.”

Nikaila. Kokwa lake sikulitema mpaka tulipolala.