Gari la Msiba Lakimbia Kidahwe

Karibu kila aliyefariki mtaani kwetu Ujiji ndani ya miaka hii tisa alikwenda makaburini akiendeshwa na mume wangu, na hakuna hata mmoja aliyetikiswa. Nalisema hili mbele ya mtu yeyote. Anatoli ni dereva wa gari la chama chetu cha kufa na kuzikana. Mimi ni mke wake, Angelina, fundi cherehani, na kama kuna mtu anadhani hapa najisifu, amedhani sawasawa.

Alizaliwa Ilagala katika ukoo wa wavuvi, lakini ziwa na yeye hawakupatana. Alikuwa akitapika mtumbwini hata siku maji yametulia, mpaka baba yake akachoka kumwonea haya na kumwacha atafute kazi ya nchi kavu. Akaendesha lori la kahawa la Kalinzi kwa miaka ishirini, akipanda na kushuka ile milima, na hajawahi kumwaga gunia. Chama kilipotafuta dereva, mwenyekiti wetu, Bi Mwanvua, aliwapima watatu walioomba kwa njia yake mwenyewe: kila mmoja aendeshe gari huku yeye akitembea kando ameshika mlango. Wawili walimwacha akihema. Anatoli alitembea naye mpaka mwisho wa barabara, na Bi Mwanvua akasema imetosha.

Mjue kwamba kwetu gari la msiba haliwaachi watu. Awe marehemu wa msikitini au wa kanisani, tunalifuata kwa miguu, nalo linakwenda hatua zetu. Enzi za pikapu ya zamani maana yake ilikuwa kumezeshwa moshi. Ulirudi kutoka kuzika ukapenga kamasi nyeusi siku mbili. Hili la sasa, gari refu la dizeli lililokuja miaka miwili iliyopita, halina moshi kabisa. Siku ya kwanza nilipitisha leso yangu nyeupe kwenye mdomo wa bomba na ikatoka nyeupe.

Mwezi wa tatu ikawaka taa ya njano mbele ya usukani. Anatoli akaenda kwa Bariki, fundi wa Mwanga mwenye kompyuta ya kusomea magari, nami nilikuwepo kwa sababu tulikuwa tunatoka sokoni. Bariki akatueleza kwa subira. Ndani ya bomba la moshi kuna kichujio chenye vitundu vidogo vidogo, mafundi wanakiita masega, nacho kinadaka masizi yote yasitoke nje. Gari likikimbia mwendo wa kasi bila kusimamasimama, moshi unapata moto wa kutosha kuyaunguza masizi yale, yakabaki majivu kidogo tu. Moto usipotosha, injini yenyewe inajiongezea dizeli ili joto lipande, na hapo inahitaji kama dakika ishirini isizimwe. Ila gari linalotembea mwendo wa miguu, likifika linazimwa, likiwashwa linatembea tena mwendo wa miguu, halimalizi kazi hiyo hata siku moja. Masizi yanajaa mpaka injini inakosa pumzi.

Yaani ule mwendo wa mume wangu unaosifiwa mji mzima ndio uliokuwa unaliziba gari. Nilicheka, yeye hakucheka.

"Mzee, wengi nawatolea tu masega," Bariki akasema. "Nakata, natoa, nachomea. Taa hutaiona tena."

"Na wanaotembea nyuma yangu watavuta nini?" Anatoli akamwuliza.

Bariki akaifunga kompyuta yake. Basi wao wawili wakaamua, mimi nikiwa nimeshatangulia na kapu langu, kwamba kila baada ya mazishi gari likimbizwe njia ya Kasulu mpaka Kidahwe na kurudi, likiwa tupu.

Mimi nilikuwa na nguo za sare za kwaya mezani na yale maelezo ya Bariki yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Wiki zikapita. Ndipo maneno yakaanza. Gari la msiba limeonekana linapita Mwandiga kwa kasi, halina mtu. Limeonekana tena. Dereva peke yake, dirisha wazi, mkono nje. Jirani mmoja akaja kupimwa gauni na huku ameinua mikono akaniambia kwamba mzee wangu ana nyumba ndogo Kidahwe, na kwamba wanawake wote wa chama wanajua isipokuwa mimi.

Nilimngoja mlangoni. "Baba Catherine, ukitoka kuzika unakwenda wapi?"

"Kidahwe. Nalipeleka gari likajisafishe."

Jamani. Mwanamume ana nafasi ya kusema uongo wa maana, anachagua huo. Gari gani linajisafisha? Linashikiwa sabuni na nani? Sikulala vizuri siku kadhaa, sikumpikia siku mbili, na mazishi yaliyofuata, watu walipotawanyika, nilifungua mlango wa mbele nikakaa. Aliwasha gari.

Baada ya Mwandiga akashika mwendo mmoja. Baada ya muda nikasikia injini imebadili sauti, nzito kidogo, na harufu ya chuma cha moto ikaingia ndani. "Limeanza," akasema, na uso wake ulikuwa ule wa mtu anayemwona mtoto akila vizuri baada ya homa. Akanionyesha kila kitu kwa maneno machache: sauti, harufu, na kwamba ukizima sasa umeharibu. Kabla ya Kidahwe harufu ikaisha, sauti ikarudi. Tukageuza mbele ya genge la ndizi, mama wa genge akatupungia mkono, nami nikamkagua mama yule kutoka utosini mpaka miguuni. Alikuwa na miaka themanini kasoro. Niliona haya, na chini ya haya nilikuwa na furaha ambayo sikutaka aione.

Lakini chama hakikupanda gari lile siku ile. Bi Mwanvua aliitisha kikao, akasema gari la maiti si la kutembelea, na wafiwa wanaumia kuliona linakimbizwa kabla udongo haujakauka. Anatoli akaeleza habari ya masega. Watu wakatazamana. Bi Mwanvua akasema, "Dereva, kuanzia leo gari likitoka makaburini linaingia bandani. Likionekana Kidahwe tena, ufunguo utaurudisha." Mume wangu akaitikia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafoka, yeye akasema tu kwamba gari ni la watu.

Yakaja mazishi manne, yote ya hapahapa, yote kwa hatua za miguu. Taa ya njano ikawaka ikaendelea kuwaka. Bariki alimwambia kwamba ikizidi hapo injini itajibana yenyewe isipande hata tuta. Anatoli alimweleza Bi Mwanvua mara mbili, na mara mbili akajibiwa kwamba kikao kimekwisha.

Ndipo akafariki Mwalimu Martini, aliyefundisha shule ya msingi mtaani kwetu miaka kumi na minane. Kwao Kalinzi. Mama yake, Bibi Recho, alikuwa ameshuka kumuuguza na sasa alikuwa anapanda naye. Tulilisindikiza gari kwa miguu mpaka tulipotoka mtaani, kisha wengi wakaingia kwenye lori la mchanga na wengine kwenye bodaboda, kwa makubaliano kwamba tutakwenda polepole, pamoja, mpaka juu. Mbele alikaa Bi Mwanvua. Nyuma, pembeni ya jeneza, Bibi Recho na mimi.

Tulipopita Mwandiga na mlima kuanza, gari lilikuwa zito kuliko nilivyowahi kulisikia. Anatoli alikanyaga, likaguna. Halafu nikasikia ile sauti na nikanusa ile harufu.

"Linaungua," Bi Mwanvua akasema. "Simama. Zima."

"Bi Mwanvua, nikizima hapa halipandi tena. Tutamshusha mwalimu tumpakie kwenye lori la mchanga."

"Nimesema simama."

Nilijua mtego aliokuwemo. Akitii, marehemu anakwama barabarani mikononi mwake. Asipotii, ufunguo umekwenda, na jina lake nalo. Hakusimama wala hakuongeza mwendo. Alimtazama Bibi Recho kwenye kioo.

"Mama, gari hili linataka kukimbia. Linataka mwendo mmoja bila kusimama mpaka karibu na Kalinzi. Watu wako nitawaacha nyuma. Silifanyi bila ruhusa yako."

Bibi Recho alikuwa ameweka kiganja juu ya jeneza tangu Ujiji. "Mwezi mzima hospitalini," akasema, "alikuwa ananiambia, mama, nirudishe nyumbani. Mkimbize, mwanangu."

Akamkimbiza. Sijui niwaelezeje ule mwendo. Kona baada ya kona, mlio wa injini ukiwa uleule, lori likapotea nyuma yetu, bodaboda zikapotea, na jeneza halikusogea upana wa kidole. Kiganja cha Bibi Recho kilikaa palepale. Miaka ishirini ya kahawa ilikuwa mikononi mwa mtu yule. Bi Mwanvua alikuwa ameshika mlango, kama siku ile ya kumpima, ila safari hii hakuna aliyekuwa anatembea. Kwenye migomba ya kwanza ya Kalinzi taa ya njano ikazimika. Niliiona ikizimika, na machozi yalinitoka ambayo hayakuwa ya mwalimu.

Uani kwao mwalimu walikuwa wametandaza majani makavu ili gari lisizame. "Mwakeye," Anatoli akawasalimu kwa Kiha, akaomba wayaondoe, kwa sababu chini ya gari palikuwa na moto wa kuwasha majani. Bi Mwanvua akashuka, akainama, akapeleka mkono karibu na bomba na kuurudisha upesi.

Wenzetu walipofika, tulimpeleka mwalimu makaburini kwa hatua zetu. Mahali pa Bi Mwanvua ni mbele, siku zote. Siku hiyo alikwenda kutembea nyuma kabisa ya gari, kwenye mdomo wa bomba, akiwa amejitanda khanga nyeupe, akapanda kilima kizima akivuta pumzi ndefu. Tulipomaliza kuzika, aliikunjua khanga yake, akaitazama mbele na nyuma, bado nyeupe, akamwendea mume wangu.

"Anatoli, kwa nini hukunilazimisha kupanda gari siku ile ya kikao?"

"Wewe ndiye mwenyekiti," akajibu.

Sasa ni utaratibu wa chama. Mazishi yakiisha, gari linakwenda Kidahwe, na mara nyingi wafiwa wenyewe wanaomba kupanda. Wanakaa kimya, dirisha wazi, wanarudi na ndizi. Bi Mwanvua amekwenda mara tatu.

Na mimi nimeshamwambia mume wangu. Siku yangu ikifika asije akampa mtu mwingine usukani. Aniendeshe yeye, kwa hatua za watu, wanifuate wote wakiimba kwa mapafu yao yote. Nikishashushwa, asikae nyumbani kupokea pole. Alipeleke gari Kidahwe.

Alifuta kioo cha gari kutoka upande mmoja mpaka mwingine.

"Nitalipeleka," akasema.