Mtani wangu alinitwisha kosa la sava

Admin, jina langu liweke kando, maana hapa kazini wengi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, Mnyamwezi wa Urambo, shule niliishia darasa la tano. Nipo Morogoro mjini, kwenye kiwanda cha kusaga nafaka kilichokuwa cha serikali kabla hakijauzwa kwa tajiri. Kazi yangu ilikuwa kufagia ofisi ya mzani na kuwasha jenereta. Nilipewa chumba kiwandani, nikaishi na mke wangu na watoto.

Siku moja umeme ulikatika, uliporudi mzani ukagoma. Malori ya mahindi yakapanga foleni hadi barabarani. Ofisini kuna sava, ndiyo kompyuta inayotunza uzito wa kila lori. Fundi wetu wa kompyuta, Mluguru wa Matombo, kwa hiyo mtani wangu wa kabila, alihangaika nayo mpaka jioni ndipo mzani ukakubali. Meneja alipouliza, akajibu, "Anayefagia ndiye kachezea nyaya." Niliapa sijagusa, hakuna aliyenisikiliza. Nikahamishiwa kubeba magunia, chumba wakaninyang'anya. Mke na watoto niliwapandisha basi pale stendi ya Msamvu, wakarudi kwa mama mkwe. Sasa nikipiga simu, mtoto wa mwisho anamuuliza mama yake huyu ni nani.

Mwezi uliopita tukiwa tunakula kwa mama ntilie, fundi akasema mbele ya wote, "Mtani, leo nakupa siri, ila usinune. Sava ina namba yake, mzani unaitafuta kwa namba hiyo. Umeme ukirudi, sava inapewa namba nyingine, mzani unabaki kuita ile ya zamani. Mimi ndiye niliyesahau kuifunga namba isibadilike. Ningemwambia meneja hivyo si ningefukuzwa? Nikakumbuka nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu za watu hadi pwani bila kulalamika, nikakutwisha na hili."

Watu walicheka wakaacha kula. Mama ntilie akaongeza, "Shukuru hakukutwisha na sava yenyewe." Na mimi nikacheka, maana mtani hanuniwi. Lakini chakula kilinishinda.

Mpaka leo hajaifunga ile namba. Umeme ukikatika na kurudi, anakimbilia mzanini kuandika namba mpya kabla meneja hajatoka ofisini. Jumatano tajiri anakuja na wageni wanaotaka kununua sehemu ya kiwanda. Swichi kuu ipo ukutani, hapo hapo ninapopanga magunia. Nataka niizime na kuiwasha wakiwa wamesimama mzanini, fundi aumbuke, kisha niseme yote aliyosema kwa mama ntilie. Nataka naye anyang'anywe chumba chake cha kiwandani, nimwone mke wake akifunga virago kama wangu alivyofunga. Naandika hivi bila aibu.

Jana fundi akanifuata peke yake, hakuwa anacheka, nahisi ameniona nikiiangalia swichi. "Mtani, acha wageni wapite, nitamwambia meneja ukweli urudishiwe chumba." Mke wangu naye, nilipomweleza kwenye simu, anasema, "Baba watoto, msubiri. Ukizima umeme watakufukuza na wewe, sisi tutarudi wapi?"

Nikimsubiri akanigeuka, nafasi nyingine ya kumwumbua siioni. Nikizima, huenda watoto wangu wasirudi kabisa.

Ndugu zangu, msiniambie ulikuwa utani tu, hilo nimeambiwa na kiwanda kizima. Nimsubiri, au niizime?