Nilimzika Mama Mzima Ili Riwaya Yangu Isomwe

Msinihurumie. Nililolifanya nililifanya nikiwa nimeshiba, akili timamu, nimeketi chumbani kwangu hapa Butembo, simu mkononi.

Nilikuwa na riwaya. Inamhusu mnunuzi wa kahawa wa Vuhovi anayechezea mizani mpaka mkewe anamuumbua mbele ya watu. Rafiki zangu waliisoma wakacheka hadi machozi, lakini mtu wa kuichapisha sina. Kisha nikasikia kuna siku ambayo mawakala wa vitabu wa Ulaya, wale wanaomtafutia mwandishi nyumba ya kuchapisha, wanaalika watu waeleze riwaya zao mtandaoni kwa sentensi chache. Wakala akikubonyezea moyo, maana yake nitumie nisome.

Nikaandika kwa Kifaransa habari za mnunuzi wangu na mizani yake. Asubuhi nzima, kimya. Nikatazama zile zilizopata mioyo: vita, yatima, wakimbizi. Nikajiambia, kumbe hawa wanataka damu, na mimi kwetu ni Beni, ambako waasi huua watu mashambani!

Nikafuta, nikaandika upya: “Mama yangu aliuawa shambani kwake, Beni, jembe mkononi. Riwaya hii ni kilio chake.” Nikaweka na picha yake. Mioyo ikaja. Nilifurahi, siwafichi.

Mama yangu alikuwa mzima, yuko kwake Bungulu, mtaa wa hapo Beni, anapalilia mihogo yake kama kawaida.

Binamu yangu aliyeko Kampala akaona, akatuma kwenye grupu ya familia. Mjomba akampigia mama, simu imezimwa. Mama alikuwa ameiacha kwa jirani kuchaji. Mjomba akanipigia mimi. Nikakata, kwa sababu nilikuwa nangoja wakala. Akapiga tena, nikakata tena. Laiti ningeipokea ile simu!

Kwetu habari za namna hiyo watu hawangoji kuzihakikisha, maana mara nyingi ni za kweli. Kesho yake ndugu wa Vuhovi walifika Beni na maharagwe, kuni na sufuria, wanawake wakilia tangu barabarani. Mama akatoka nje kuwauliza nani amekufa.

Nilipofika, kilio kilikuwa kimekwisha. Walikuwa wameketi uani wakila, na hakuna aliyeniitikia salamu. Mama akanipakulia sahani.

“Kula. Ni maharagwe ya matanga yangu.”

“Mama, unisamehe. Ilikuwa juu ya kitabu.”

“Kitabu yako hapana kuwa na mutu muzima ndani?”

Mjomba hakuinua macho kwenye sahani yake. “Lakini hapa batu banakufa kweli. Na wewe unaongeza mwingine wa uongo?”

Nilikula. Ningefanya nini?

Baadaye wakala mmoja aliniandikia, anaomba sura ya kifo cha mama. Sura hiyo haipo. Sikumjibu, na riwaya yangu iko palepale ilipokuwa.

Hilo ningelivumilia. Lakini mama alilima shamba lile miaka yote ya hatari, watu wakimwambia aache, anawacheka. Tangu asomewe maneno yangu hajalikanyaga tena. Anasema nimemwonyesha namna atakavyokufa. Mihogo imemezwa na magugu, na yeye siku hizi ananunua unga sokoni kama mgeni.

Ninyi mnaoandika, uzeni kitabu mlichokiandika. Kikikosa mtu wa kukitaka, basi kikae. Mimi nilimcheka mnunuzi wangu na mizani yake ya wizi, kisha nikampandisha mama yangu juu ya ile ya kwangu. Majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha kuzaliwa.

Sasa kila nikimpigia, mama haniulizi hali. Anasema tu, “Niko muzima. Andika ile,” halafu anakata.