Kofia ya Gari la Meneja

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya shamba la chai, Fundi Mkuu alinitazama kuanzia miguuni, akafika kwenye ushungi wangu, akaishia hapo. Ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Tangazo lilisema wanatafuta fundi wa kushona, halikusema mwanamume wala mwanamke, nami nilitoka Makandana kwa miguu, mvua ikininyeshea njia nzima.

"Mapazia yanashonwa nyumbani kwa Meneja," akasema. "Hapa tunashona magari."

"Ndiyo niliyoyafuata, Fundi Mkuu."

Alinipa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na turubai la lori lililochanika katikati. Alidhani kufika saa sita nitakuwa nimerudi kwa mama. Nililishona kwa uzi uliopakwa nta, ili maji yasipenye kwenye matundu ya sindano, na mchana likarudi juu ya lori. Kesho yake akanipa viti.

Ninyi mnaonunua vifuniko vya viti vilivyokwisha kushonwa hamjui raha ya kazi ile. Tulifumua kiti chote, tukatandaza vipande vya zamani sakafuni, tukakata vipya kwa kuvifuatisha. Pembeni tulipitisha kamba nyembamba ndani ya kitambaa, ukaitwa mshono wa ukingo, na huo ndio unaofanya kiti kishike umbo lake. Mshono wangu wa ukingo ulikuwa umenyooka kuliko wa mwanamume yeyote pale, na nilikuwa nawaambia.

Meneja wetu alikuwa Mzungu mwenye upara, na alikuwa na gari dogo jekundu la viti viwili, gari la mashindano, lisilofaa kabisa kwenye tope letu. Paa lake lilikuwa na kioo kipana kama sinia la harusi, ili mwenye gari aone mbingu. Mbingu ya Tukuyu ni mvua na ukungu, halafu ghafla jua linatoka kwa saa moja na kuchoma kweli. Upara wa Meneja ukababuka. Akaagiza kioo kitengenezewe kivuli kwa ndani.

Fundi Mkuu alichagua kaniki, ikunjwe mara mbili, ibandikwe kwenye kioo kwa gundi. Cheusi ndicho kinachozuia jua, alisema. Nikamwambia kitambaa cheusi kikigusa kioo, kioo kitapata joto kali, na mvua ya baridi ikikiangukia kitapasuka, kama inavyopasuka glasi baridi ukiimiminia chai ya moto.

"Mambo ya vioo umesomea wapi?"

"Jikoni."

"Basi yarudishe jikoni. Wewe bandika."

Nikabandika. Katika kazi yangu yote, hilo ndilo ninalolijutia, kwamba nilijua nikatii.

Siku ya nne Meneja alikuwa anarudi kutoka Isongole. Jua lilikuwa kali, mvua ikaja bila taarifa, na kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe juu ya kichwa chake. Jioni Fundi Mkuu alifungua faili langu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: amepasua kioo kwa ushonaji wa kizembe. Chini akaacha mstari wa saini yangu, akaninyooshea kalamu.

"Sisaini," nikasema.

"Usiposaini, karakana hii hukai."

"Nitatoka. Lakini sisaini."

Nikapelekwa kwenye banda la majani mabichi kushona magunia. Nilikuwa na hasira. Gunia silidharau, bibi yangu alishona magunia. Kilichoniuma ni jina langu kuwekwa kwenye kosa la mtu mwingine, kwa mwandiko mzuri. Nikaapa kwamba nitarudi karakana, na kwamba mstari ule utabaki mtupu mpaka pale juu paandikwe ukweli.

Kioo cha pili kiliagizwa ng'ambo, na Meneja akaambiwa baada ya hicho hakuna kingine. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nyumbani mama yangu alikuwa anashona kofia, kazi waliyokuja nayo wazee wetu kutoka pwani. Kofia ya bafta nyeupe ina vitobo vingi vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kisifumuke. Watu wanadhani ni urembo tu. Mama alinifundisha kwamba vitobo ni vya kichwa kupumua.

Kioo kilipofika sikwenda kwa Fundi Mkuu. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Meneja, nikiwa na vipande vitatu vya kioo kilichopasuka, vitambaa vitatu, na kikopo cha mafuta ya nazi ya mama, ambayo kwa baridi ya Tukuyu yanaganda kama samli. Fundi Mkuu aliitwa. Barazani, juani, nikapanga vile vioo. Kimoja nilikibandika kaniki kwa chini, cha pili kaki. Cha tatu nilikiinua juu ya vijiti, na bafta yenye vitobo nikaitandaza chini yake, vidole viwili mbali na kioo. Juu ya kila kioo nikaweka donge la mafuta.

"Tunapika nini?" akauliza Fundi Mkuu.

"Subiri uone, Fundi Mkuu."

Donge la kaniki liliyeyuka kabla Meneja hajamaliza kuwasha kiko. La kaki likafuata. La bafta lilikaa likaanza kulegea pembeni tu. Meneja akakigusa kioo cha kaniki akautoa mkono upesi, kisha akamgeukia Fundi Mkuu.

"Huyu mama ashone," akasema.

Nilipinda fremu ya waya, nikaivalisha bafta mbili zilizotobolewa, nikaifunga ndani ya paa kwa ndoano nne, vidole viwili chini ya kioo, ili ivuliwe na kufuliwa. Meneja alipoiona alisema, "Lakini hii ni kofia."

"Ni kofia, Bwana Meneja. Wewe huna nywele na gari lako halina nywele."

Alicheka mpaka akakaa chini. Fundi Mkuu hakucheka. Nilirudishwa karakana, nikamwomba aitoe ile karatasi. Akajibu kwamba faili halifutwi.

Miaka ikapita, shamba likawa la umma, Mzungu akaondoka na gari likabaki. Meneja mpya, mwenzetu, aliona haya kulipanda wakati watu wanahimizwa kulima pamoja, likaegeshwa nyuma ya karakana. Mkutanoni Katibu wa tawi la chama akasema kile kitambaa ni pambo la kibepari, king'olewe. Nikasimama nikamwambia, "Katibu, gari ni la bepari. Kofia ni yangu." Hakikung'olewa.

Fundi Mkuu alipostaafu nilishika nafasi yake. Siku ya kuaga alinipa mkono akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Fundi." Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita Fundi. Nilimwitikia vizuri, lakini sikusahau.

Zamu yangu ya kustaafu ikafika. Afisa Utumishi, kijana mpole mzaliwa wa Masoko, alipitia faili langu ukurasa kwa ukurasa, akasimama kwenye karatasi iliyogeuka njano.

"Mama, hapa hukusaini."

"Najua."

"Miaka yote hii? Saini tu, tufunge faili."

Nikamwomba atazame dirishani. Lile gari lilikuwa pale, halina magurudumu, kuku wanataga kwenye viti nilivyovishona, na kofia imefifia chini ya kioo.

"Kioo kile kimekaa chini ya jua na mvua tangu hujazaliwa," nikasema. "Nenda ukakiangalie."

Alikwenda. Nilimwona akiinama, akipitisha kiganja juu ya paa, pembe hadi pembe. Akarudi na viatu vya tope.

"Kizima," akasema.

"Basi andika."

Akaandika kwamba cha kwanza kilipasuka kwa kubandikwa kaniki kwa amri ya Fundi Mkuu, na cha pili, kilichoshonewa kofia na Fundi Zuhura, ni kizima hadi leo. Nilisoma mara mbili. Kisha nikamwomba kalamu, nikasaini.