Bahati ya Ramilaben Yenye Tarehe ya Mwisho

Mtaani kwake, mjini Rajkot nchini India, watu walijua mambo mawili kuhusu Ramilaben Sakaria: khakhra zake, ile mikate mikavu myembamba, hazikuwa na mpinzani, na hisa zake hauzi. Kila Diwali, sikukuu ya taa, soko la hisa hufunguliwa kwa saa moja tu ya baraka, na kila mwenye akili hununua japo kidogo ili mwaka mpya uanze na heri. Yeye alinunua hisa kumi. Kumi tu, mwaka hadi mwaka. Mama mkwe wake alimfundisha kwamba kilichonunuliwa saa ile hakiuzwi, maana ukikiuza umemkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa mali, sebuleni halafu umemtoa kwa mlango wa nyuma. Ramilaben aliahidi, na ahadi ni deni. Mume alikufa, watoto wakaoa, ahadi ikabaki palepale miaka ishirini na sita.

Mwaka huu akaingiwa na tamaa, na nani wa kumlaumu? Alitaka hisa za Machhu, kampuni ya kutengeneza beringi za magurudumu iliyoajiri nusu ya mtaa wake. Kumi zingemgharimu rupia elfu kumi na tano. Nautambhai, dalali wake, akamwambia kuna njia nyingine: kwa elfu nane na mia nane angepata mkataba wa haki ya kununua hisa mia nne kwa bei ya elfu moja na mia tano kila moja. Mia nne! Akaunti ya biashara hiyo haifunguliwi ovyo. Walidai taarifa ya benki ya miezi sita, na ilipokubaliwa Ramilaben alitembea siku nzima kifua mbele. Akatia saini mahali thelathini bila kusoma hata mahali pamoja. Saa ya baraka ilipofika akanunua mkataba wake, akaipaka karatasi ya risiti doa jekundu la sandali na kuiweka miguuni pa sanamu ya Lakshmi, pamoja na nyingine zote.

Siku kumi na mbili baadaye, saa nane mchana, Nautambhai akapiga simu.

"Ramilaben, dada yangu, mbona hujibu ujumbe? Nimekutumia mara nne."

"Nilidhani ni salamu za Diwali. Simu yangu imejaa mishumaa na maua mpaka inapiga kwikwi."

"Mkataba wako unaisha leo saa tisa na nusu. Njoo ofisini. Njoo sasa hivi."

Alipanda ngazi za ofisi kama msichana, pumzi zikimwishia. Ofisini kulikuwa na Nautambhai mbele ya skrini yake, na Mzee Jamnadas, mstaafu wa reli ambaye huja kila siku kunywa chai ya bure na kuhangaikia pesa za wengine. Machhu ilikuwa elfu moja mia tano arobaini na moja.

"Si iko juu?" Ramilaben akasema, macho yakimng'aa. "Basi bahati yangu imekubali. Iache hapohapo, mimi siuzi."

Nautambhai akashika kichwa. "Hii si hisa, dada. Hii ina siku ya kufa. Ikifika saa tisa na nusu bei iko juu ya elfu moja mia tano, hata kwa senti, sheria inasema umenunua. Hisa zote mia nne. Laki sita taslimu. Unazo?"

"Laki sita? Nimekaanga khakhra za nani?"

"Basi uza mkataba kabla ya saa hiyo, la sivyo akaunti itadaiwa, utatozwa faini, na kampuni yangu itauza ulichonacho kufidia. Ulisaini. Ulichonacho ni zile hisa zako za Diwali."

Ramilaben akakaa. Za Diwali zote! Zile za mwaka aliozaliwa mwanawe wa mwisho, zile alizonunua siku arobaini baada ya mazishi ya mumewe huku shemeji zake wakimnong'ona. Auze mkataba mmoja alionunua saa ileile ya baraka, au auziwe hisa zote.

"Itashuka," Mzee Jamnadas akasema, akimimina chai kwenye kisahani. "Tazama. Elfu moja mia tano thelathini. Ikishuka chini ya elfu moja mia tano, mkataba unakufa wenyewe. Hujauza, hujanunua, ahadi yako safi."

"Na wewe mzee lini ulipata hata rupia moja kwa ushauri wako?" Nautambhai akamuuliza.

"Mimi nashauri tu. Kupata ni kazi yenu."

Kweli bei ikaanza kuporomoka. Mia tano kumi na tisa. Mia tano kumi na moja. Saa tisa na robo ikagota mia tano na sita, na Ramilaben alikuwa amesimama, vidole vimeng'ang'ania ncha ya sari, midomo ikimchezacheza. Shuka, mama, shuka kidogo tu. Kisha maneno yake mwenyewe yakamfikia, akashtuka: alikuwa anamwomba Lakshmi aiue zawadi aliyompa mwenyewe. Siku kumi na mbili ameiwashia taa, na sasa anaiombea kifo ili yeye aonekane mwaminifu. Huo uaminifu gani?

Skrini ikaruka. Mia tano ishirini na nane.

"Uza," akasema.

Nautambhai akageuka. "Una hakika?"

"Nautambhai, nikisema mara ya pili nitabadili mawazo. Uza."

Kidole kikabonyeza. Basi, imekwisha, haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Ramilaben alisubiri kitu kibaya kitokee, na kilichotokea ni kicheko, kikapanda kutoka tumboni kikamtoka chenyewe, mpaka Mzee Jamnadas akamwaga chai. Saa tisa na nusu Machhu ilifunga mia tano thelathini na tatu. Mzee akatazama dari.

"Nisomee hesabu," Ramilaben akasema, akipangusa machozi.

"Umeuza kwa elfu kumi na moja na mia mbili. Toa ada ya kununua, ishirini. Ada ya kuuza, ishirini. Kodi na tozo za soko..."

"Hiyo ya kuuza isome tena."

"Ada ya kuuza, rupia ishirini."

"Miaka ishirini na sita sijawahi kuilipa," akasema kwa sauti ya mtu aliyevishwa bangili. Kisha, kama anayeuliza bei ya vitunguu: "Na zile nyingine, zote pamoja, leo ni kiasi gani?"

Hakuwahi kuuliza. Ya nini kujua bei ya kitu kisichouzwa? Nautambhai akabonyeza, akatazama, akavua miwani na kuivaa tena.

"Laki kumi na tisa na kidogo."

Ramilaben aliirudia namba hiyo polepole, mara mbili.

"Niuze ngapi?" Nautambhai akauliza, kidole tayari.

"Ondoa mkono wako hapo. Jana sikuziuza kwa sababu niliogopa. Leo siziuzi kwa sababu sitaki."