Siku Nilipokataa Kubeba Kipoyi

Nakumbuka siku moja, Jumanne, pale Bihambwe, kilimani kwetu, nilipoacha zamu yangu ya kubeba mgonjwa kwa sababu nilikuwa, kama nilivyosema mwenyewe, kazini.

Mwanangu, kwanza ujue ni nani anayekuambia. Mimi ni mtoto wa mama aliyelima maharage. Sikuwa na mjomba katika ofisi yoyote. Nilikwenda Kampala na jozi moja ya viatu, nikabeba matofali mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata diploma ya kuchora ramani za nyumba. Imetundikwa ukutani kwangu, na mgeni asiyeiona huonyeshwa. Niliporudi, nilirudi na kazi yangu mfukoni: ofisi ya Kampala ilinitumia michoro kwa mtandao, nami nikachora maghorofa chini ya bati la mama yangu, paneli ya jua juu, ng'ombe wakilia nje. Kilima chetu hakikuwahi kuona jambo hilo. Sijisifu, nasema yaliyokuwapo.

Lakini kazi isiyo na mlango huingia kila chumba. Nilikula simu ikiwa kando ya sahani. Kanisani nilijibu ujumbe watu wakiomba, nikijifanya natafuta mstari wa Biblia. Mke wangu Neema, mwenye mimba ya miezi mitano, aliniita mara tatu ndipo niitike, tena kwa ukali. Nami nilijiona hodari.

Kwetu milima ni mikali na barabara ni tope. Mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, machela ya miti na kamba. Wanaume wanne chini yake, wanne wa kupokezana. Kila mwanaume wa kilima ameandikwa katika kikundi, na sheria ni moja: asiyebeba habebwi, yeye wala nyumba yake.

Jumanne hiyo jirani yetu, Mama Sifa, alivunjika mguu shambani. Papa Mupenda, mkubwa wa kikundi, mzee ambaye umri wake wa kubeba ulikwishapita, akaja dirishani kwangu na wanaume wa zamu.

"Bwana Diplome, kuja. Iko zamu yako."

"Papa, niko mu kazi."

Akachungulia. "Kazi gani? Mi naona kiti tu."

Wenzake wakacheka. Niliona haya, na haya ikageuka kiburi. "Niko mu mukutano na Kampala," nikasema, nikafunga dirisha.

Walirudi jioni. Nafasi yangu aliishika Papa Mupenda mwenyewe, na bega lake lilikuwa limevimba kama mkate. Neema alimkalisha kwenye benchi letu, akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, mbele yangu, bila kunitazama. Mzee hakupaza sauti.

"Bwana Diplome, ng'ombe anakamuliwa mara ngapi?"

"Mara mbili, Papa. Asubuhi na mangaribi."

"Na ukimukamua siku muzima?"

Nilitazama beseni la maji ya chumvi.

"Itatoka damu. Na ndama atakufa na njaa." Akatazama tumbo la Neema. "Siku ya Mungu kikundi kitakaa. Batu banataka jina lako litoke. Nitakutetea na nini? Na hii bega?"

Kutoka kwetu hadi kituo cha afya ni mwendo wa saa mbili. Nilihesabu miezi iliyobaki, na diploma ukutani haikunisaidia.

Kesho yake nilimwandikia mkubwa wangu wa Kampala: nitafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, Jumapili sipo, kipoyi kikiniita nitaondoka, na saa hizo nitazifidia. Nilidhani nimejifukuza mwenyewe. Akajibu: "Sawa. Sikukuomba kazi ya Jumapili hata mara moja. Nilifikiri wewe ndiye hupendi kupumzika."

Nilisoma mara tatu. Mwanangu, mnyapara niliyemwogopa miezi yote ile alikuwa mimi.

Jumapili nilisimama mbele ya kikundi, nikaomba radhi kwa watu wa nyumba ya Mama Sifa, nikajitolea kubeba zamu yangu na ya Papa Mupenda pia. Kijana mmoja akauliza, "Atabeba, ao atatuma foto?" Walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaliacha jina langu.

Tangu hapo Neema alitundika kitenge cha buluu mlangoni. Kikining'inia, niko kazini, na hata watoto wa jirani walinyamaza. Saa kumi kinatolewa, kompyuta inalala sandukuni. Na unajua nini? Michoro yangu, iliyokuwa ikirudi na masahihisho mekundu, ikaanza kurudi safi. Mwaka haukuisha nikawa mkubwa wa wachoraji wote, hata wale walioketi Kampala kwenyewe. Kutoka Bihambwe!

Siku ya Neema ilipofika ilikuwa adhuhuri, kitenge bado kinaning'inia. Sijapata kiatu cha pili, wanaume wanane wako mlangoni. Papa Mupenda yuko mbele na fimbo yake.

"Bwana Diplome, mukutano iko wapi leo?"

"Njo huu, Papa," nikasema, nikishika mti wa kipoyi.

Tuliteremka tukiimba, mti wa mbele kulia ukiwa begani kwangu. Mtoto alizaliwa kabla jasho langu halijakauka. Leo binti yule yuko sekondari, ananipita urefu. Tumekimbia vita mara mbili na kurudi mara mbili, kompyuta kichwani pamoja na unga. Na katika nyumba ileile vijana watano niliowafundisha wanafanya kazi za mbali. Saa kumi nawafukuza.

Basi nisikilize. Kidole kimoja hakivunji chawa. Fanya kazi ya mbali kwa bidii, uwashinde walio karibu nayo, lakini ipe saa ya kuanza na saa ya kufunga, na uzitangaze, kwa sababu hakuna atakayeziheshimu usipozisema. Mwajiri wako anajua jina lako. Jirani yako anajua uzito wako.

Mungu aibariki mikono yako na saa zako. Akupe kazi isiyokauka na nyumba isiyokungoja bure. Na siku utakapohitaji kubebwa, mwanangu, mabega yawe mengi kuliko miti.