Ng'ombe Aliyerudishwa Msata

Majivu yakinyeshewa mvua hutoa harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri, kitu kama chumvi na moshi uliozimwa ghafla. Nikiisikia popote, hata leo nikiwa bibi wa wajukuu wawili, ninarudi kwenye uwanja wa shule ya Fukayosi, Jumamosi asubuhi, nimejitwika kopo la majivu. Hatukuwa na chokaa. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu ya majikoni mwetu, na kila mtoto aliagizwa aje na kopo lake. Baba yangu, mwalimu mkuu aliyehamishiwa hapo kutoka Songea, alishika kamba upande mmoja. Upande wa pili alishika Mzee Shomari, mkulima wa mihogo na ufuta, mwenyeji wa pale tangu enzi za babu zake. Baba hakukosa kanisani Jumapili. Mzee Shomari ndiye aliyeadhini msikitini, na ndiye aliyechinja kila mnyama wa shughuli pale kijijini, harusi iwe ya nani, msiba uwe wa nani, ili kila mtu apate kula. Timu ya kijiji ilikuwa mikononi mwao wawili. Baada ya kila mechi walikaa barazani kwetu wakibishana mpaka chai ikapoa, na mimi na binti yake, Mwanahawa, tulikaa karibu tukijifanya hatusikilizi.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa uchaguzi, nami nilikuwa na miaka kumi. Bendera za vyama zilianza kuota juu ya mapaa kama uyoga, na watu waliozoea kusalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, za shamba, za watoto, wakaanza kuzifupisha salamu. Mgombea mmoja akaandaa mashindano ya mpira Msata, zawadi ikiwa ng'ombe dume. Tulikwenda kwa lori. Fainali tulikutana na Lugoba, na dakika za mwisho Petro, mwimbaji wa kwaya, akamimina krosi, Hamisi fundi baiskeli akaipiga kichwa, wavu ukatikisika. Nililia kwa furaha hadi Mwanahawa akanifuta makamasi kwa ncha ya ushungi wake. Tukarudi na ng'ombe wetu ndani ya lori, mwekundu, macho ya upole, wachezaji wakimwimbia njia nzima kana kwamba ni bibi harusi.

Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa siku ya kumla. Wanawake walikwishainjika maji. Watu walipotoka kanisani, baadhi yao wakamfuata baba pale penye ofisi ya shule ng'ombe alipofungwa. Wakasema, "Mwalimu, safari hii tuchinje sisi. Krosi ilikuwa ya kijana wetu." Vijana wa msikitini waliposikia wakajibu kwamba kisu kikibadili mkono, wao na wachezaji wao wanaondoka. Kisha wakaja wenye bendera wakadai ng'ombe ni wa mgombea, na asiyekusudia kumpigia kura asiguse hata supu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema wahenga, lakini siku ile kila mtu aliitaka yake nzima. Hamisi na Petro, walioshirikiana bao lile, walikunjana mashati mbele ya ng'ombe, naye akaendelea kucheua.

Mzee Shomari alifika akiwa na kisu chake kilichoviringwa kitambaa. Umati ukampisha. Hakumtazama mtu mwingine ila baba.

"Mwalimu," alisema, "ukisema nichinje, nachinja. Ukisema nisichinje, narudi nacho nyumbani. Lakini usiniache nimesimama hapa kama mwizi."

Baba aliweka mkono juu ya shingo ya ng'ombe.

"Mzee Shomari, tukimla huyu leo, tutakuwa tumelana sisi kwa sisi. Tumrudishe kwa mwenyewe."

Mzee Shomari akafikiri, akakitia kisu kwapani. "Basi tutoke alfajiri, kabla ya jua kali."

Wakaenda kweli, wazee wawili na ng'ombe mmoja, kwa miguu mpaka Msata, wakarudi siku ya pili yake jioni wamejaa vumbi. Mama alimwekea baba beseni la maji ya moto, maana miguu ilikuwa imevimba kama mihogo. Hakuna aliyewashukuru. Wa kanisani walisema baba amewauza. Wa msikitini walimwambia Mzee Shomari amekuwa mtumishi wa mwalimu. Watu wa mgombea walisema wametukanwa. Hata mimi nilimnunia baba siku nzima, kwa kuwa nilitaka nyama. Timu ikavunjika vipande viwili, kila kipande na uwanja wake, na Mwanahawa akakatazwa na shangazi zake kuja kwetu. Mwaka haujaisha, ikaja barua ya kumhamisha baba. Haikutaja sababu, naye hakuuliza. Siku ya kuondoka ni Mzee Shomari peke yake aliyekuja kutusaidia kupakia vyombo.

"Hivi tulifanya sawa?" alimuuliza baba huku akikaza kamba za magodoro.

"Sijui, ndugu yangu," baba alijibu. "Nilichoka tu kuwasikiliza."

Kwa miaka mingi nililiona jibu lile dogo mno kwa jambo kubwa kama lile. Sasa ninaishi Bagamoyo mjini, muuguzi, mjane, na jibu lile ndilo pekee ninaloliamini. Wiki iliyopita kwenye kundi la simu la mtaa wetu ulizuka ubishi kuhusu penalti. Kufikia adhuhuri penalti ilikuwa imegeuka dini, na kufikia magharibi dini ilikuwa imegeuka kura: nani alimpigia nani, nani alikaa nyumbani, nani msaliti. Yusufu, fundi umeme wa nyumba ya tatu, aliandika, "Jamani, tulikuwa tunazungumza mpira." Wakamtukana yeye na mama yake, kisha wakamwondoa kundini. Waliomtukana ni watu ninaokaa nao benchi moja kanisani. Yusufu huyo, mume wangu alipofariki, alilala matanga kwetu siku tatu na kubeba jeneza hadi bega lake likachubuka. Niliandika maneno matatu ya kumtetea, nikayasoma, nikayafuta. Asiyeziba ufa hujenga ukuta; ninalijua hilo tangu darasa la pili. Baba alitembea siku mbili. Mimi nilishindwa kusogeza kidole gumba.

Asubuhi yake nilimkuta Yusufu kwa mama muuza vitumbua, akaniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alisubiri kidogo, kama mtu anayedhani mazungumzo hayajaisha. Nikamuuliza habari za watoto. Akasema wazima. Nikachukua vitumbua vyangu, nikaondoka.